Matoleo ya Rasimu na Hatua za Idhini katika Programu ya Bajeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya yamekusanywa kutoka kwa wahasibu, wakuu wa vitengo na waratibu wa miradi wanaotumia programu za bajeti Lubumbashi, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, hapa Kongo (DRC). Mengi huulizwa kwa simu kati ya mwezi wa 9 na wa 12, msimu ambao kila ofisi inahangaika na makadirio ya mwaka unaofuata. Majibu hayafuati programu ya kampuni moja. Majina ya vitufe hutofautiana, lakini utaratibu ni ule ule. Pale jibu linapotegemea swali jingine, namba ya swali hilo imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Rasimu ni nini, na toleo ni nini?

Toleo ni bajeti nzima kama ilivyosimama wakati fulani, ikiwa na namba yake, tarehe yake na jina la aliyeihifadhi. Rasimu ni hali ambayo toleo huwa nayo kabla halijawasilishwa, yaani wakati anayeliandaa bado anaweza kulibadilisha bila kumwomba mtu ruhusa. Kwa hiyo bajeti moja ya mwaka inaweza kuwa na matoleo matano, manne yakiwa yamepitwa na moja likiwa limeidhinishwa.

Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba idhini hutolewa kwa toleo. Mkurugenzi anapobonyeza kitufe, anaidhinisha toleo la 4 la bajeti ya 2026, na hilo tu. Namba moja ikibadilika baadaye, hata kama ni dola 10 za karatasi, kilichopo mezani kimekuwa kitu kingine ambacho bado hakijaidhinishwa na mtu. Karibu majibu yote yanayofuata yanatoka hapo.

2. Kwa nini tusiendelee na faili la Excel, tukilipa jina jipya kila linapobadilika?

Excel yenyewe haina kosa. Bajeti nyingi huanzia humo, na hata programu kubwa hupokea majedwali yake. Tatizo ni jina la faili, ambalo halilindi chochote.

Niliwahi kuitwa katika ofisi moja ambayo folda yake ya bajeti ilikuwa na BUDGET_FINAL, BUDGET_FINAL_2, BUDGET_FINAL_DG na BUDGET_VRAI_FINAL. Baraza la utawala lilikuwa limepewa karatasi zilizochapwa kutoka faili la tatu, ambamo kifungu cha mafuta ya jenereta na magari kilisomeka dola 18,400. Mhasibu naye aliingiza kwenye mfumo namba za faili la pili, ambamo mtu alikuwa amegeuza tarakimu mbili, zikawa 14,800. Jumla kuu hazikulingana, lakini hakuna aliyeziweka karatasi hizo mbili pamoja akazitazama. Mwaka uliofuata, kabla mwezi wa 10 haujaisha, mfumo ulianza kukataa maombi ya malipo ya mafuta. Kijana wa uhasibu aliyetumwa kutafuta sababu alirudi na karatasi ya baraza mkononi, akasema: “Mama, hii namba iliyo kwenye mashine si ile mliyoitia sahihi.” Mama Mkurugenzi alivaa miwani, akaweka kidole kwenye 8, kisha kwenye 4, akanyamaza. Dola 3,600 zilikuwa zimepotea kwenye bajeti bila kuibiwa na mtu.

Programu iliyopangwa vizuri ingezuia hilo kwa njia rahisi: kila ukurasa unaochapwa hubeba namba ya toleo, na toleo lililowasilishwa halikubali kuandikwa juu yake. Kama ofisi yako bado inafanya kazi na Excel, angalau acheni neno “final”. Andikeni namba ya toleo na tarehe, kwa mfano Bajeti-2026-T04-2025-10-14, na faili lililokwisha kutumwa lifungwe kwa nenosiri.

3. Maneno ninayoyaona kwenye skrini yana maana gani?

Programu nyingi za hapa kwetu zimewekwa kwa Kifaransa, na ndivyo watu wanavyozungumza ofisini. Brouillon ni rasimu. Soumis ni iliyowasilishwa. Kuanzia hapo aliyeiandaa anaweza kuisoma lakini hawezi kuigusa. Renvoyé ni iliyorudishwa ili irekebishwe, na hali hii isichanganywe na rejeté, yaani iliyokataliwa, ambayo safari yake imeishia hapo na ikitakiwa tena itaanza upya kama toleo jipya. Verrouillé ni iliyofungwa, nayo ndiyo inayotumika kudhibiti malipo.

Validé ndilo neno linaloleta ugomvi. Katika programu moja lina maana ya idhini ya mwisho, katika nyingine ni hatua ya katikati ya kitengo cha fedha, na idhini ya mwisho huitwa approuvé. Msimamizi wa mfumo aandike maana ya maneno hayo kwenye ukurasa mmoja na kuubandika ukutani.

4. Nani anaona rasimu yangu kabla sijaiwasilisha?

Kwa kawaida ni wewe, msimamizi wa mfumo, na yeyote uliyemshirikisha. Mkuu wako haioni mpaka uiwasilishe, ingawa baadhi ya programu humruhusu kuisoma tu. Muulize msimamizi kabla ya kuandika kwenye safu ya maelezo jambo ambalo hutaki lisomwe.

## Kuandaa na kutunza matoleo

5. Nianzishe toleo jipya lini, na lini niendelee na lile lile?

Anzisha toleo jipya kila mara bajeti inapotoka mikononi mwako au inaporudi. Marekebisho unayoyafanya kutwa nzima ukiwa peke yako ni ya kuhifadhi tu. Lakini ukishamtumia mtu, ukishaichapa kwa ajili ya kikao, au ukishaisoma mbele ya wakuu wa vitengo, namba hizo zimepata mashahidi, na lazima muweze kuzirudia zilivyokuwa siku hiyo.

Kupita kiasi nako kunaharibu. Nimeona bajeti ya kurasa mbili yenye matoleo 37, kwa sababu mtu alizoea kubonyeza “toleo jipya” badala ya “hifadhi”. Kwa shirika la kadiri, matoleo manne hadi saba kwa mwaka yanatosha kabisa.

6. Je, makisio mawili, moja la “ruzuku ikipatikana” na jingine la “isipopatikana”, ni matoleo mawili?

Hapana. Matoleo hufuatana, la baadaye likichukua nafasi ya lililotangulia. Makisio mbadala husimama sambamba, na hakuna linalofuta jingine. Ukiyapa namba T05 na T06, anayeidhinisha ataamini kwamba T06 ndiyo marekebisho ya T05, naye ataidhinisha lile la ruzuku isiyopatikana akidhani umepunguza matumizi kwa uangalifu. Programu nyingi zina sehemu tofauti ya makisio mbadala. Kama yako haina, tumia herufi, T05-A na T05-B, na uwasilishe moja tu kwa idhini, la pili likiwa kiambatisho.

7. Niandike nini kwenye maelezo ya toleo?

Kilichobadilika, kiasi, sababu, na nani aliyeomba. “Marekebisho madogo” hayamsaidii mtu. Maelezo yanayofaa ni kama haya: “Kifungu 6.2, samani za ofisi: kutoka dola 5,000 hadi 5,800, kwa sababu proforma (ankara ya awali) ya kwanza haikuwa na TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16%, imeombwa na kitengo cha manunuzi.” Sentensi hiyo moja itamwokoa mhasibu atakayekaa kwenye kiti chako miaka miwili baadaye, mkaguzi atakapouliza.

8. Nitaonaje tofauti kati ya matoleo mawili?

Tumia ripoti ya ulinganisho, ambayo huweka matoleo mawili bega kwa bega pamoja na safu ya tofauti. Usiishie kwenye jumla kuu. Mtu akiongeza dola 2,000 kwenye mafunzo na kupunguza 2,000 kwenye usafiri, jumla haitikisiki hata kidogo, ilhali bajeti imebadilika. Chuja ripoti ionyeshe kila kifungu chenye tofauti isiyo sifuri, hata ndogo, kisha soma maelezo ya kila kimoja (tazama swali la 7).

Kuna hali moja ambamo ripoti hiyo hudanganya: pale orodha ya akaunti ilipobadilika. SYCEBNL, mfumo wa uhasibu kwa taasisi zisizo za faida uliowekwa na OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za pamoja za biashara), ulianza kutumika tarehe 1 Januari 2024, na mashirika yaliyouhamia yalibadilisha namba za akaunti zao. Ukilinganisha bajeti ya 2023 na ya 2024 bila jedwali la kuoanisha akaunti za zamani na mpya, utaona vifungu “vilivyofutwa” na “vilivyoongezwa” ambavyo kwa kweli vilihama jina tu.

9. Watu wawili wakifungua rasimu moja kwa wakati mmoja, nani anashinda?

Inategemea programu. Nyingine hufunga sehemu inayofanyiwa kazi na kumwonyesha wa pili jina la aliyetangulia. Nyingine hazisemi kitu, na anayehifadhi mwisho ndiye anayebaki, kazi ya mwenzake ikifutika kimya kimya. Zijaribuni kwa makusudi, kompyuta mbili kwenye meza moja, kabla ya msimu wa bajeti kuanza. Ikionekana yenu ni ya aina ya pili, mgawanye rasimu kwa vitengo, kila kitengo na sehemu yake, na mtu mmoja tu awe wa kuziunganisha.

10. Tunapanga kwa dola lakini mishahara mingine ni ya faranga. Kiwango kikibadilika, hilo ni toleo jipya?

Ndiyo, ikiwa kiwango hicho kinabadilisha namba ambazo mtu mwingine amekwisha kuziona. Kiwango cha kubadilisha fedha ni sehemu ya toleo kama kilivyo kifungu chochote, na kinapaswa kuandikwa ndani yake pamoja na tarehe na chanzo, kwa kawaida kile kinachotangazwa na Benki Kuu ya Kongo.

Tuchukue mishahara ya walinzi na madereva ya faranga milioni 42 kwa mwaka. Kwa kiwango cha faranga 2,800 kwa dola, ni dola 15,000. Kwa 2,500, ni dola 16,800. Hakuna aliyeongezwa mshahara, hakuna aliyeajiriwa, lakini bajeti ya dola imepanda kwa 1,800. Wengi hudhani hatari ni faranga kushuka tu. Kwa shirika linalopokea dola na kulipa faranga, faranga inayopanda ndiyo inayotoboa mfuko.

Kosa baya zaidi ni kuiacha programu ichukue kiwango cha siku moja kwa moja kutoka intaneti kwenye toleo lililowasilishwa. Mkurugenzi anaisoma Jumatatu, baraza linaisoma Alhamisi, na kila mmoja ameona jumla yake. Zimeni mpangilio huo kwa matoleo yote yasiyo rasimu.

## Hatua za idhini

11. Hatua ngapi zinatosha?

Kila hatua iwe na swali lake ambalo haliulizwi na hatua nyingine. Mkuu wa kitengo anauliza kama kazi hii inahitajika na kama kiasi kinaendana nayo. Kitengo cha fedha kinauliza kama hesabu ni sahihi, kama fedha zipo, na kama kifungu kimewekwa kwenye akaunti inayostahili. Mkurugenzi anauliza kama hiki ndicho kipaumbele mbele ya maombi mengine yote. Baraza linaidhinisha bajeti nzima. Mkiongeza hatua ya tano, mwandike swali lake. Mkikosa la kuandika, hatua hiyo ni kituo cha kusubiri tu.

Maoni yangu, baada ya kuona mifumo yenye hatua nane, ni kwamba hatua nyingi hazileti umakini. Wa kwanza anasaini haraka kwa sababu anajua wengine saba watakagua, na wa nane anasaini haraka kwa sababu anaona saba wamekwisha kukagua.

Hatua zinaweza kufuatana au kwenda sambamba. Vitengo vitatu visivyotegemeana, kwa mfano afya, elimu na maji, vinaweza kupitiwa kwa pamoja, na hilo huokoa siku nyingi. Fedha na mkurugenzi wafuatane, kwa sababu mkurugenzi anahitaji kusoma alichokiona mtu wa fedha.

12. Aliyeandaa bajeti anaweza pia kuiidhinisha?

Hapana, hata kama programu inamruhusu. Katika ofisi ya watu watatu hoja huwa ni kwamba hakuna mwingine. Yupo: mweka hazina wa baraza, au mjumbe mwingine wa baraza, anaweza kupewa akaunti yenye kitufe kimoja tu cha idhini. Angalieni pia akaunti ya msimamizi wa mfumo, ambayo mara nyingi huja na uwezo wote ikiwa imewashwa. Atakayepanga mfumo asiwe na haki ya kuidhinisha ndani yake.

13. Bajeti imerudishwa kutoka hatua ya tatu. Idhini mbili za mwanzo zinabaki?

Programu nyingi hutoa njia mbili: kurudi kwa aliyetangulia huku idhini za chini zikibaki, au kurudi mwanzo huku zote zikifutika. Chaguo la kwanza ni la haraka na ndilo linalopendwa. Hata hivyo, likitumika ovyo, mkuu wa kitengo atakutwa na jina lake kwenye namba ambazo hakuwahi kuziona.

Kanuni ninayoipendekeza ni fupi. Kama kilichorekebishwa ni maneno au kiambatisho, irudi kwa aliyetangulia. Kama kiasi chochote kimebadilika, ni toleo jipya, na idhini zote zianze upya (swali la 1). Idhini za toleo la zamani hazifutwi kwenye kumbukumbu; zinabaki na toleo lao. Naye anayerudisha aandike sababu inayotekelezeka. “Irekebishwe” peke yake ni kumtupia mwenzako mzigo bila kumwonyesha mahali pa kuushikia.

14. Mkurugenzi yuko safarini na tarehe ya mwisho ni kesho. Anaweza kunipa nenosiri lake?

Asikupe, nawe usilipokee. Siku mambo yakiharibika, kumbukumbu itaonyesha kwamba yeye aliidhinisha akiwa ndani ya ndege, na nyote wawili hamtakuwa na jibu.

Programu zina utaratibu wa kukaimisha. Mkurugenzi, kabla ya kuondoka, anamtaja anayekaimu, anaweka tarehe ya kuanza na ya kuisha, na ikiwezekana kikomo cha kiasi. Kumbukumbu itaandika majina yote mawili: fulani kwa niaba ya fulani. Ukaimu unaisha wenyewe siku iliyowekwa. Aliyesahau kuuweka anaweza kuuweka kutoka kwenye simu yake popote alipo, na hilo ni kazi ya dakika mbili. Angalizo moja: anayekaimu asiwe ndiye aliyeandaa toleo hilo (swali la 12).

15. Baraza letu linasaini karatasi na kupiga muhuri. Programu italijuaje hilo?

Hakuna haja ya kuliondolea karatasi baraza lililozoea karatasi. Muhimu ni kwamba karatasi itoke kwenye toleo lililowasilishwa, na kila ukurasa uwe na namba ya toleo na jumla kuu chini yake. Baada ya kikao, muhtasari uliosainiwa unapigwa picha na kuambatishwa kwenye toleo hilo hilo. Katibu anayebonyeza kitufe anasajili uamuzi wa baraza. Yeye mwenyewe hana idhini, na mfumo uandike hivyo.

Mara nyingi wajumbe hubadilisha namba kwa kalamu wakiwa kikaoni. Hapo T04 haikuidhinishwa. Muundwe T05 yenye namba za kalamu, ilinganishwe na T04 (swali la 8), na kila tofauti iwe na alama ya kalamu inayoielezea. Mwenyekiti atie sahihi fupi pembeni mwa kila alama kabla watu hawajatawanyika, maana kesho yake kila mjumbe atakumbuka kikao chake.

## Baada ya idhini

16. Kosa limeonekana baada ya bajeti kufungwa. Tuifungue?

Msifungue. Toleo lililofungwa lina kosa, na kosa hilo ni sehemu ya historia yake. Undeni bajeti iliyorekebishwa kama toleo jipya, ipite hatua zote, na hiyo ndiyo itakayodhibiti malipo kuanzia siku itakapoidhinishwa. Ile ya awali inabaki ikisomeka, na ripoti za mwaka zionyeshe safu tatu: bajeti ya awali, bajeti iliyorekebishwa, na matumizi halisi.

17. Kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja hadi kingine kunahitaji toleo jipya?

Uhamisho mdogo, ulio ndani ya mamlaka ya mkurugenzi kwa mujibu wa kanuni zenu za fedha, husajiliwa kama hati ya uhamisho yenye idhini yake, bila toleo jipya. Unaovuka kikomo hicho unahitaji bajeti iliyorekebishwa. Programu ihesabu uhamisho wote wa kifungu kwa mwaka mzima, siyo mmoja mmoja. La sivyo mtu atahamisha kidogo kidogo mara kumi na kupita chini ya kikomo kila mara.

18. Mfadhili aliidhinisha bajeti yake mwezi wa 6, sisi tumekuwa na matoleo matatu tangu hapo. Ipi ni ya kweli?

Zote mbili, kila moja kwa swali lake. Bajeti iliyo kwenye mkataba wa ruzuku inajibu swali la mfadhili, na bajeti yenu ya ndani inajibu swali la baraza. Kosa ni kuziweka katika mfuatano mmoja wa namba. Toleo la mkataba liwekwe peke yake, lifungwe, na vifungu vya ndani viunganishwe nalo kwa jedwali la kuoanisha.

Umuhimu wake unaonekana kwenye hesabu za kikomo. Masharti ya jumla ya mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya kwa miradi ya nje, kwa mfano, yamekuwa yakiruhusu kuhamisha kati ya vichwa vikuu vya bajeti bila nyongeza ya mkataba, ilimradi badiliko lisizidi 25% ya kiasi kilichoandikwa mwanzoni, na lengo la msingi la mradi lisiguswe. Asilimia hiyo hupimwa kutoka kwenye namba za mkataba, au za nyongeza yake kama ipo, siyo kutoka kwenye toleo lenu la mwezi uliopita. Aliyeipoteza bajeti ya mkataba hana mahali pa kuanzia kupima. Soma mkataba wako mwenyewe, kwa sababu kila mfadhili ana kikomo chake.

19. Mwaka umeanza na bajeti haijaidhinishwa. Tulipe vipi?

Hata taifa limelifikiria hilo. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 126, inasema kwamba serikali isipowasilisha muswada wa fedha mapema kiasi cha kutangazwa kabla ya mwaka kuanza, inaliomba Bunge na Seneti kuiruhusu kutumia fedha kwa muda. Shirika nalo linaweza kufanya mfano wa hayo: baraza likubali bajeti ya mpito ya miezi miwili au mitatu, yenye mishahara, kodi ya nyumba, umeme na mafuta pekee, bila manunuzi mapya. Iingizwe kwenye mfumo kama bajeti yenye namba yake na idhini yake. Kutumia rasimu “kwa sasa” huku mkisubiri ndiyo njia ya haraka ya kujikuta katika hadithi ya swali la 2.

## Mambo ya pembeni

20. Niliwasilisha tarehe 1, mfumo unaonyesha tarehe 30. Kwa nini?

Saa ya Lubumbashi iko mbele ya saa ya Kinshasa kwa saa moja. Kama mfumo wa makao makuu umewekwa kwa saa ya Kinshasa, kilichowasilishwa hapa saa 00:20 ya tarehe 1 Oktoba kitaandikwa 23:20 ya tarehe 30 Septemba. Kama mwisho ulikuwa tarehe 30, safari hiyo umepona. Lakini ujumbe unaosema “mwisho ni 18:00” hauna maana mpaka useme ni 18:00 ya wapi. Goma na Bukavu wanatumia saa ile ile tunayotumia sisi.

21. Umeme ulikatika nikiwa nabonyeza “wasilisha”. Imefika?

Usibonyeze tena kabla ya kuangalia hali ya toleo, kwa sababu baadhi ya programu zitaunda nakala mbili. Fungua upya, tazama kama inasomeka soumis, na utafute namba ya toleo kwenye orodha. Idhini za bajeti huangukia mwezi wa 11 na wa 12, mvua na radi zikiwa zimeanza, na SNEL, shirika la umeme, haikupi taarifa. Hifadhi kila baada ya dakika chache na uwasilishe asubuhi.

22. Niliingiza jedwali kutoka Excel na namba zote zimeharibika.

Karibu kila mara ni nukta na mkato. Kompyuta yenye mpangilio wa Kifaransa husoma mkato kama alama ya desimali. Yenye mpangilio wa Kiingereza huusoma kama kitenganishi cha maelfu. Kwa hiyo 1,250 ni elfu moja mia mbili hamsini kwenye mashine moja, na ni moja na robo kwenye nyingine. Faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) nalo hutenganisha safu kwa nukta-mkato kwenye Excel ya Kifaransa. Ondoa vitenganishi vyote vya maelfu kabla ya kuhamisha, na ulinganishe jumla kuu pande zote mbili kabla ya kuhifadhi kama toleo.

23. Mhasibu aliyeandaa matoleo ya mwanzo ameacha kazi. Tufute akaunti yake?

Izimeni, msiifute. Katika baadhi ya mifumo kufuta akaunti huondoa jina lake kwenye kumbukumbu, na matoleo yake yanabaki bila mwenyewe. Rasimu zake ambazo hazijawasilishwa zihamishiwe kwa mrithi wake kabla ya kuzima.

24. Matoleo ya zamani tuyatunze kwa muda gani?

Sheria ya uhasibu ya OHADA inataka vitabu vya hesabu na hati zake za uthibitisho vitunzwe miaka 10. Matoleo yaliyoidhinishwa, pamoja na kumbukumbu za idhini na mihtasari ya baraza, yafuate muda huo. Rasimu ambazo hazikuwahi kutoka mikononi mwa mwandaaji zinaweza kufutwa mwaka ukishafungwa na mkaguzi akishaondoka.

Mkibadilisha programu, msitegemee kwamba mpya itasoma historia ya zamani. Mara nyingi huhamisha namba za toleo la mwisho tu. Kabla leseni haijaisha, toeni PDF ya kila toleo lililoidhinishwa na ya orodha ya nani aliidhinisha nini na lini, kisha mziweke mahali pawili, kimoja kikiwa nje ya ofisi.